Jinsi ya kuchora ramani ya uhamaji wa ukoo Nyanda za Juu Kusini, kwa mbinu zilizojaribiwa kwa Wairokwoi

Mzee wa Rungwe, Unyakyusa, akiulizwa ukoo wake ulitoka wapi, mara nyingi huelekeza mkono kwenye safu ya milima ya Livingstone na kusema: Ukinga. Mzee wa Kalenga, Uhehe, atakueleza habari za Mufwimi, mwindaji aliyetoka upande wa Usagara, akapita Ng'uluhe akifuata nyati, akazaa na binti wa mtawala wa huko mtoto aliyeitwa Muyinga. Wote wawili wamesema kweli. Tatizo ni kwamba wamejibu watawala walitoka wapi, wakati wewe uliuliza habari za watu.

Hapo ndipo ramani nyingi za uhamaji zinapoharibika. Mwanafunzi huchukua karatasi, huchora mshale mmoja mnene kutoka mlimani hadi bondeni, na kazi inaisha. Wachunguzi wa historia ya Wairokwoi wa Amerika Kaskazini walibishana juu ya mshale kama huo kwa muda mrefu wa karne ya 20: je, walikuja New York kutoka kusini, au walitokea hapohapo? Katika kubishana kwao walijenga mbinu ambazo mtu yeyote mwenye daftari, simu na subira anaweza kuzitumia Mbozi, Makete au Kilolo. Mwongozo huu unazifuata hatua kwa hatua, ukionyesha kila mbinu ilivyofanya kazi kwa Wairokwoi na pale inapohitaji kurekebishwa huku kwetu.

Wairokwoi ni nani

Wao wenyewe hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. "Iroquois" ni jina lililoenea kupitia Wafaransa, na hata "Mohawk" ni jina walilopewa na majirani. Mataifa ya mwanzo ni matano. Kutoka mashariki kwenda magharibi kuna Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, waliotanda katika eneo ambalo leo ni sehemu ya kati na magharibi ya jimbo la New York. Waliungana kwa Sheria Kuu ya Amani, ambayo masimulizi yao humtaja mleta amani, yaani Mpatanishi, pamoja na msemaji wake Hiawatha na mama aliyeipokea kwanza, Jigonsaseh. Onondaga walikabidhiwa kutunza moto wa katikati, Mohawk wakalinda mlango wa mashariki na Seneca wa magharibi. Taifa la sita, Tuscarora, liliongezwa mnamo 1722.

Walilima mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, mseto ambao mkulima wa Mbozi hahitaji kufundishwa. Ukoo hufuata mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mume alihamia nyumba ya mke, na mama wakuu wa koo ndio wanaoteua machifu na kuwavua. Shika hilo la ukoo wa mama, kwa sababu linabadilisha namna ya kuuliza maswali.

Tumia rangi tatu kwenye ramani

Nunua kalamu tatu kabla hujatoka nyumbani. Nyeusi ni ya mwendo wa watu: familia zilizobeba watoto, mbegu na mifugo. Nyekundu ni ya mwendo wa utawala au jina: mtu mmoja, ndugu zake wachache, au cheo tu. Buluu ni ya mwendo wa vitu na maneno: vyungu, majembe, ushanga, mazao, salamu. Usichore mshale wowote kabla hujajua rangi yake. Ukikosa ushahidi wa kuchagua rangi, chora kwa penseli na uache hivyo.

Mwendo mweusi wa Wairokwoi ulikuwa wa aina mbili, na aina zote mbili zipo kwetu.

Aina ya kwanza ni hatua fupi zinazojirudia. Kijiji cha nyumba ndefu kilikaa mahali pamoja kwa kiasi cha miaka 10 hadi 20, pengine zaidi, kisha kikahama kilomita chache. Sababu zake ni za shambani na jikoni. Udongo ulichoka, kuni zilizidi kuwa mbali, wadudu walizaana ndani ya nyumba za magome, na nguzo zilizochimbiwa ardhini zilioza. Kijiji kinachohama kila baada ya miaka 15 kitakuwa kimehama mara 13 ndani ya miaka 200, na huenda bado kiko katika bonde lilelile. Atakayeona kituo cha kwanza na cha mwisho tu atadhani kulikuwa na safari kubwa, au kinyume chake atadhani watu hawakusogea kabisa.

Unyakyusa palikuwa na utaratibu wa namna hiyo uliotokana na sababu tofauti. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji cha rika lao. Kila kizazi kilipofika wakati wa kukabidhiwa nchi, utawala uligawanywa kati ya watoto wakuu wa malafyale, yaani chifu, kila mmoja akachukua upande wake. Kwa hiyo wingi wa tawala ndogo za Unyakyusa si lazima uwe alama ya uvamizi mwingi, kwani mara nyingi ni alama ya kugawana. Mzee akisema "tulihamia hapa", muulize mara moja: walihama wa rika moja, au ukoo mzima?

Aina ya pili ni kukimbia. Watuscarora waliishi North Carolina, mbali sana kusini, hadi vita vya 1711 hadi 1713 na walowezi wa Kiingereza vilipowavunja. Walipanda kaskazini kwa makundi na kupokelewa na watu ambao lugha zao zilikuwa ndugu na lugha yao. Baadaye, katika vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Jenerali Sullivan lilichoma makumi ya vijiji vya Wairokwoi mwaka 1779. Mwaka 1784 Thayendanegea, kiongozi wa Mohawk anayejulikana pia kama Joseph Brant, aliongoza wengi kwenda kukaa kando ya Mto Grand, nchi ya Kanada ya leo. Waoneida wengi walikwenda Wisconsin kuanzia miaka ya 1820. Huku kwetu, mfano wa kukimbia ulio wazi ni wa Wasangu na mtawala wao, Merere: walisukumwa na Wahehe hadi Usafwa, wakajenga Utengule, na baada ya Wajerumani kuivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894 wakapata nafasi ya kurudi Usangu. Mshale wa namna hii una ncha mbili, wa kwenda na wa kurudi, na lazima uandikwe mwaka pembeni.

Matayarisho

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Mavuno yameingia ndani, wazee wana nafasi, na barabara za Makete, Ileje na Busokelo zinapitika. Baridi ya Julai ni kali, kwa hiyo panga mahojiano kuanzia saa nne asubuhi jua likishapasha ua. Ukienda Machi utapoteza nusu ya siku zako kwenye matope.

Anza kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya utambulisho kutoka shuleni, chuoni au kwa mzee wa ukoo wako. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa msaada wake mfikie mzee. Ukipita moja kwa moja hadi nyumbani kwa mzee, jirani atauliza unapima ardhi ya nani, na kazi itakufa siku hiyohiyo. Beba sukari kilo moja au mche wa sabuni kwa kila nyumba. Usitoe fedha kabla ya mazungumzo, maana fedha ya mbele hununua jibu ambalo mzee anadhani unalitaka.

Vifaa ni daftari mbili zenye jalada gumu, simu yenye nafasi ya kutosha pamoja na betri ya akiba, kipande cha kitambaa cha kufunika kipaza sauti upepo usivume ndani, na ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lako. Ramani ya simu peke yake haitoshi. Mzee hawezi kuelekeza kidole mto kwenye kioo cha inchi sita, lakini ramani ya karatasi ikitandazwa kwenye mkeka ataizunguka na kukutajia majina ya mito ambayo haimo.

Lenga wazee 8 hadi 12 kutoka koo tatu au zaidi, wanawake wasipungue theluthi. Mahojiano moja yasizidi dakika 50. Tenga pia muda wa kunakili, kwani saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika vizuri, na zaidi ikiwa mzee anachanganya Kiswahili na Kinyakyusa au Kihehe. Andika maneno kama yalivyotoka. Kiswahili sanifu cha kwako kitafuta ushahidi.

Mahojiano

Amkia kwanza, kaa unapoonyeshwa, na uache mzee aseme habari zake kwa dakika kumi bila kumkatiza. Baada ya hapo ndipo uanze kuuliza kuhusu nchi: "Babu, mlipofika hapa mlikuta nani?" Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika mwongozo huu. "Mlitoka wapi" huleta simulizi la watawala. "Mlikuta nani" huleta majina ya wenyeji, mashamba waliyokuwa wakilima, mizimu waliyokuwa wakiitambikia, na ndoa za mwanzo kati ya wageni na wenyeji. Mzee akisema palikuwa pori tupu, uliza nani alikuwa akifanya tambiko la mvua wakati huo. Mara nyingi jibu hutaja ukoo mwingine, na pori linageuka kuwa nchi ya watu.

Fuatisha maswali ya ndoa. Kwa Wairokwoi mume ndiye aliyehama, kwa hiyo mtafiti akifuata mstari wa baba tu anapotea kabisa. Kwetu, ambako kwa sehemu kubwa ukoo hufuata baba, aliyehama kila kizazi ni mke. Muulize bibi: mama yako alitoka wapi, ng'ombe wa mahari walikwenda wapi, mama wa mama yako je? Bibi wawili au watatu wakishajibu, utakuwa na mtandao wa vijiji ambao hakuna mzee wa kiume atakayekutajia.

Jihadhari na miiko ya ukwe. Unyakyusa, kwa mila, mkwe wa kike hakai mahali pamoja na baba mkwe wala hatamki jina lake, na bado zipo nyumba zinazoshika hivyo. Ukimkusanya bibi na baba mkwe wake kwenye ua mmoja na kumtaka ataje majina ya ukoo wa mumewe, utapata ukimya, nawe utaandika kwamba hajui. Anajua. Muulize wifi yake, au binti aliyezaliwa mle ndani.

Wahoji wazee mmojammoja kabla ya kuwakutanisha. Mkiketi wote pamoja tangu siku ya kwanza, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia. Baada ya mahojiano ya peke yake, waite kikundi na uwasomee sehemu zinazotofautiana. Usiulize nani mkweli. Uliza ukoo gani husimulia hivi, na ukoo gani husimulia vile.

Uliza pia kama simulizi limetoka kwa babu au kwenye kitabu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891 na kuanza kuandika, na yaliyochapishwa yakarudi vijijini kupitia shule na makanisa. Kwa Wairokwoi hali ni hiyohiyo: habari za Mpatanishi zimeandikwa na kuchapishwa mara nyingi tangu karne ya 19, na anayesimulia leo huenda amesikia kwa bibi na kusoma pia. Simulizi lililopita kitabuni bado lina thamani, ila wazee watano waliosoma kitabu kimoja wahesabiwe kuwa shahidi mmoja.

Vitu husaidia kumbukumbu kuliko maswali. Wairokwoi walisuka mikanda ya ushanga wa kome, wampum, na kila mkanda huenda na maneno yake. Mtunzaji huushika mkononi huku akisema yaliyokubaliwa. Mkanda wa Hiawatha unaonyesha mataifa matano kwa maumbo matano yaliyounganishwa, mti ukiwa katikati mahali pa Onondaga. Kwetu tafuta kinachofanya kazi hiyo, iwe mkuki wa babu, kigoda au ngoma. Zaidi ya vyote, tafuta makaburi. Tembea na mzee makaburini, sio kukaa naye barazani tu. Kila kaburi atakalosimama litamkumbusha jina, na mpangilio wa makaburi ni orodha ya vizazi isiyotegemea kichwa cha mtu.

Majina yanayorithiwa

Baraza la Wairokwoi lina vyeo hamsini vya uchifu, na kila cheo ni jina. Chifu akifariki, jina "huinuliwa" na kuvikwa mwingine. Tadodaho wa masimulizi ya mwanzo alikuwa mtu katili aliyetulizwa na Hiawatha na Mpatanishi, na hadi leo kiongozi wa baraza huko Onondaga hubeba jina hilohilo. Mgeni akisikia "Tadodaho alisema" hawezi kujua ni wa karne ipi.

Merere, Kyungu wa Ngonde na Lwembe wa Lubaga ni majina ya namna hii. Mzee akisema "Merere alipigana na Wahehe, Merere akahamia Utengule, Merere akarudi", anaweza kuwa anasema habari za baba, mwana na mjukuu kwa pumzi moja. Kila jina la cheo linapotajwa, simamisha taratibu uulize: jina lake la utoto ni lipi? Mama yake nani? Alizikwa wapi? Maswali matatu hayo hutenganisha watu waliojificha ndani ya jina moja. Usipouliza, vizazi vitatu vitakuwa kimoja, na tarehe zako zitasogea mbele kwa miaka hamsini au zaidi.

Kuhesabu miaka

Kizazi ni kipindi cha miaka 25 hadi 32 kati ya mzazi na mtoto. Tumia namba zote mbili kila mara, maana namba moja hukupa uhakika usiokuwepo. Tuseme mzee aliyezaliwa 1948 anataja baba, babu, baba wa babu, na juu yake mwanzilishi wa kijiji. Hivyo ni vizazi vinne. Kwa miaka 25 mwanzilishi alizaliwa 1848, na kwa miaka 32 alizaliwa 1820. Ikiwa alihama akiwa na umri wa kati ya 20 na 40, uhamaji ulitokea kati ya 1840 na 1888. Andika hivyohivyo, "1840–1888", kisha upunguze upana huo kwa matukio yenye tarehe.

Hesabu hiyo ni ya wazazi na watoto tu. Orodha ya watawala haihesabiwi hivyo. Unyakyusa ndugu wa tumbo moja aliweza kurithi kabla ya mtoto, kwa hiyo majina manane ya watawala yanaweza kuwa vizazi vitatu. Muulize mzee kwa kila jina: huyu ni mtoto wa aliyemtangulia, au mdogo wake?

Matukio ya kupigia misumari ni mengi Nyanda za Juu. Zipo vita vya Lugalo vya Agosti 17, 1891, kuanguka kwa Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, kifo cha Mkwawa Julai 19, 1898, na sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890. Baada ya hapo kuna Majimaji ya 1905 hadi 1907 kwa watu wa upande wa Njombe, homa kuu ya 1918, dhahabu ya Lupa, kurudishwa kwa fuvu la Mkwawa mwaka 1954, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Usimuulize mzee mwaka. Muulize kama baba yake alikuwa amekwisha kuoa homa ilipoingia.

Kupatwa kwa jua ni msumari imara kuliko yote, nao unaweza kukupotosha vibaya. Masimulizi ya Wangoni yanasema jua lilitiwa giza walipokuwa wakivuka Zambezi na kiongozi wao Zwangendaba, na hesabu za nyota zinaliweka tukio hilo Novemba 20, 1835. Hapo mambo yanakaa sawa, kwa sababu matukio mengine ya safari yao yanaingia vizuri mbele na nyuma ya mwaka huo. Wairokwoi nao wanasimulia kwamba jua lilipatwa Waseneca walipokuwa wakiamua kujiunga na amani. Wapo wanaosema ni kupatwa kwa Agosti 31, 1142, wapo wanaosema ni kwa Juni 28, 1451. Tofauti ni miaka 309 kwa simulizi lilelile, na wanaakiolojia wengi wanaegemea tarehe za kati ya 1450 na 1600. Kwa hiyo usichukue kupatwa kwa jua kokote kulikopita katika eneo lako na kukibandika kwenye simulizi. Kwanza pata upana wa miaka kwa vizazi, ndipo utafute kupatwa kulikomo ndani ya upana huo. Kukiwa na mbili, andika zote mbili.

Lugha ndiyo inayomuumbua mshale mnene

Chukua orodha ya maneno 100 ya msingi: viungo vya mwili, maji, moto, jua, kula, kufa, moja, mbili. Acha nje salamu, majina ya mazao mapya na maneno ya biashara, maana hayo hupita kutoka soko hadi soko bila mtu kuhama. Yaandike kutoka kwa wasemaji wawili wa kila lugha, mwanamke na mwanamume, kisha uhesabu maneno yanayolingana.

Kwa Wairokwoi hesabu ya namna hii ilionyesha kwamba Kicherokee, kinachosemwa kusini, kilijitenga na lugha za kaskazini zamani sana, makadirio yakiwa kiasi cha miaka 3,500 hadi 4,000 iliyopita. Kituscarora kilifuata kujitenga, na lugha za mataifa matano zina undugu wa karibu zaidi. Ndiyo maana safari ya Watuscarora ya karne ya 18 haikuwa ya kwenda kwa wageni.

Sasa rudi Rungwe. Kihehe, Kibena, Kisangu, Kikinga, Kiwanji na Kipangwa huwekwa na wataalamu wa lugha katika kundi moja. Kinyakyusa kiko kundi jingine. "Mtu" kwa Mbena ni munu, kwa Mnyakyusa ni umundu. Ikiwa Wanyakyusa wote wangeshuka kutoka Ukinga, leo wangekuwa wanasema lugha iliyo pacha wa Kikinga, nao hawasemi. Watawala walishuka, wakakuta watu, wakashika lugha ya watu hao. Mshale wa Ukinga kwenda Rungwe ni mwekundu. Wangoni wa Songea walipita njia hiyohiyo: walikuja na lugha ya kusini mwa Afrika, na baada ya vizazi vichache lugha ya wenyeji ndiyo iliyobaki, ikabeba jina la wageni.

Uhehe nako panahitaji uangalifu. Munyigumba, kisha mwanawe Mkwawa, waliunganisha tawala ndogo nyingi, na waliotekwa vitani waliingizwa wakawa Wahehe. Wairokwoi walifanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Baada ya kuwavunja Wawendat (Wahuron), majirani zao wa Ontario, mwaka 1649 waliwapokea mateka wengi kama ndugu wa ukoo, na wamisionari wa Kijesuiti waliandika kwamba katika vijiji vingine waliozaliwa nje walikuwa wengi kuliko wenyeji. Mtu anaweza kuwa Mhehe kamili na mama wa babu yake akawa Msangu. Majibu yote mawili yaingie daftarini.

Ardhini

Tembea mahali pa kijiji cha zamani katika mistari ya mita 10, baada ya shamba kulimwa na mvua moja kupita. Tafuta vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na mavi ya chuma, hasa upande wa Mbozi na Ufipa ambako kulikuwa na malungu, matanuri marefu ya kuyeyushia chuma. Tembe ya Kihehe iliyoanguka huacha tuta la udongo lenye kona, lakini nyumba ya mianzi ya Kinyakyusa haiachi karibu chochote, kwa hiyo kutokuona mabaki Rungwe si ushahidi kwamba hapakuwa na watu. Nyumba ndefu za Wairokwoi nazo zilioza zote. Zinajulikana kwa madoa meusi ya nguzo kwenye udongo, yakiwa mistari miwili yenye upana wa karibu mita 6 kati yake.

Piga picha ukiweka rula pembeni, chukua nukta ya ramani kwa simu, na uache kitu pale kilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila leseni, na kigae kilichohamishwa bila kuandikwa kilipotoka hakisemi tena chochote.

Mambo mawili huwadanganya wengi. La kwanza ni chungu. Vyungu vizuri vya Unyakyusa vilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe na kuuzwa kuanzia Matema kwenda juu, kwa hiyo kigae cha Kikisi Tukuyu ni mshale wa buluu. Lakini vyungu vya watu wa Mto St. Lawrence, ambao mvumbuzi Mfaransa Cartier aliwakuta mwaka 1535 na mwenzake Champlain hakuwakuta tena mwanzoni mwa karne ya 17, vilionekana katika vijiji vya Wawendat kwa namna inayoonyesha kwamba wafinyanzi wenyewe walikuwa wamehamia huko. Tofauti hujulikana kwa udongo: chungu cha mtindo wa kigeni kilichofinyangwa kwa udongo wa hapohapo kimeletwa na mikono ya mtu.

La pili ni ushanga. Kwa miaka mingi vijiji vya kundi la lugha za Kiirokwoi huko Ontario visivyo na vitu vya Ulaya vilihesabiwa kuwa vya zamani. Vipimo vipya vya kaboni vilivyochapishwa 2018 vilionyesha kwamba baadhi yake ni vya zaidi ya nusu karne baadaye. Watu walikuwepo wakati wa biashara, ila ushanga haukuwafikia au hawakuutaka. Kukosa ushanga Ileje kusikufanye uandike "kabla ya misafara".

Kuhakiki na kukabidhi

Linganisha ulichopata na maandishi. Nyaraka za Taifa zina kumbukumbu za Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, vikiwemo orodha za watawala. Zitumie kwa tahadhari, kwa kuwa afisa aliandika alichoambiwa na mtawala aliyekuwa akitafuta kutambuliwa.

Kabla ya kuchora kwa wino, wasomee wazee ramani nzima. Uhamaji ni jambo la ardhi, na neno "wageni" likiandikwa kwenye ramani linaweza kuonekana kwenye shauri la baraza la ardhi mwaka ujao. Andika "walifika baada ya" au "walikuta". Majina ya tambiko na njia za kuingia misitu mitakatifu kama ya Lubaga yasiandikwe bila ruhusa ya wenye nayo. Wairokwoi wamepigania jambo hili kwa miaka mingi, na baadhi ya mikanda yao ya wampum ilirudishwa kutoka makumbusho mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya madai ya muda mrefu.

Chapa nakala nne: moja ya ukoo, moja ya ofisi ya kijiji, moja ya shule ya karibu, moja yako. Sauti ziwekwe kwenye kadi mbili tofauti, zikae nyumba mbili tofauti, na kila faili liwe na jina la kijiji, tarehe na lugha iliyozungumzwa. Acha ukurasa mmoja mtupu mwishoni mwa nakala ya ukoo, maana wiki mbili baada ya wewe kuondoka bibi mmoja atakumbuka jina, na lazima pawe na mahali pa kuliandika.